Sinia la Siku ya Nane

Mimi niliingia Kigali nikiwa na ndala za rangi tofauti, mguu mmoja buluu na mwingine kijani, na leo ukifika soko la Kimironko ukauliza nani anauza sufuria, masinia na chupa za chai kwa jumla, hata mtoto atakushika mkono akulete kwangu. Shule nilisoma mpaka pale mwalimu alipomwambia baba yangu kwamba mimi na dawati hatupatani. Kusoma nimejifunzia kwenye maboksi ya bidhaa. Kwa hiyo ukikuta hapa neno limekaa upande, linyooshe wewe uliyesoma. Mimi nina duka la kusimamia.

Nilianza kwa kubeba mizigo. Magunia ya viazi yaliizamisha shingo yangu mabegani na mpaka leo haijatoka. Nikanunua sinia, nikaliuza, nikanunua mengine. Waliokuwa wakinipigia mluzi wakiniita karaningufu, ambalo ndilo jina la mbeba mizigo katika mji huu, siku hizi wananiita mzee na kunivutia kiti. Nyumba yangu ya Kibagabaga nimeijenga mwenyewe. Waya za umeme nimezipitisha ukutani kwa mkono huu huu, na fundi aliyetumwa kukagua alitafuta kosa mpaka akaishia kuomba maji ya kunywa. Watu husema najisifu. Sawa. Asiyejenga atajisifia nini?

Lakini nimeketi kuandika habari za dada yangu, ambaye hali tena chakula changu.

Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu. Tulikulia uhamishoni Bujumbura, kule Burundi, mtaa wa Buyenzi, ambako hata mbwa anafukuzwa kwa Kiswahili, ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Kinyarwanda changu watu wa hapa hukicheka, na mimi huwaacha wacheke huku wakinunua. Mama alikuwa anatupa andazi moja. Dada anang'ata, mimi nang'ata, na hakuna aliyekagua meno ya mwenzake yamepita wapi. Kikombe cha chai kilikuwa kimoja. Ukoko wa wali tuliugombania, halafu tukaugawana. Tuliporudi Rwanda nilimtafutia chumba mtaa wa Niboye, nikamwanzishia biashara ya dagaa, ingawa yeye husema kaianza mwenyewe. Mume wake ni dereva wa malori ya Dar es Salaam, anakuja anapokuja. Wana binti mmoja, mdogo, mwenye mdomo mkali kama mama yake. Ananiita marume, yaani mjomba kwa Kinyarwanda. Alikuwa akija dukani anashika mwiko anayapiga masinia kama ngoma mpaka wateja wanaziba masikio, na mimi simkatazi.

Sasa, msomaji wa mbali lazima ajue jambo moja la huku kwetu. Watu wa hapa wanaogopa sumu ya chakulani kuliko wanavyoogopa magari. Ukimkaribisha mtu soda, unaifungua mbele ya macho yake. Kwenye nyumba zinazoshika ya zamani, anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ndipo anakukabidhi. Hakuna anayekasirika, hiyo ni adabu. Na mtu akiugua baada ya karamu, watu hawaulizi kala nini, wanauliza kala kwa nani. Ukiwa maskini huna hofu, maana nani atasema maskini karoga mtu, na faida yake iko wapi? Ukishajenga ghorofa, jiandae. Magunia yaliyopita shingoni mwangu hakuna aliyeyaona. Ghorofa waliiona wote.

Mke wangu akajifungua mtoto wa kiume baada ya mabinti. Nikasema siku ya nane tutamwita jina kwa mila yote, bila kupunguza hata kijiko. Mimi mila hiyo sikukulia nayo sawasawa, huko uhamishoni ilikuwa imefifia kama kitambaa cha juani, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi tuliorudi: mtu aliyerudi kwao anakuwa na pupa ya mila kuliko yule ambaye hakuondoka. Mila yenyewe iko hivi. Watoto wa jirani wanaalikwa, wanapewa vijiti kama majembe, wanaparura udongo uani kama wanaolima. Mtu mzima anawaita waache kulima. Wanakuja mbio, wananawa, wanazunguka chombo kimoja na kula kwa mikono, halafu kila mmoja anampa mtoto mchanga jina. Chakula hicho kinaitwa ubunnyano, neno ambalo ukilichunguza limetoka kwenye haja kubwa ya mtoto mchanga. Ukiwauliza wazee kwa nini, wanacheka tu.

Siku hizi wengi wanawagawia watoto wali kwenye sahani za karatasi. Mimi, muuza masinia, niwape watoto sahani za karatasi? Nilishusha dukani sinia kubwa kuliko yote, lile la maua mekundu ukingoni. Tukapakua maharage, viazi vitamu na ndizi, na juu yake nikaamuru nyama, ingawa mila haikudai nyama. Watoto wakanawa kwenye beseni moja, mmoja baada ya mwingine, na maji yakawa rangi ya udongo wa uani.

Mke wangu akanivuta pembeni, mtoto mchanga mgongoni.

"Baba watoto, yule wa jirani ana vidonda mdomoni. Ona anavyotiririsha mate. Mpe sahani yake."

"Kwenye ubunnyano hakuna sahani yake."

"Na tumbo linamwendesha. Mama yake kaniambia."

"Si mama yake huyo huyo aliyemleta? Mtoto ni mtoto. Wewe udogoni ulikula na wangapi?"

Dada yangu alikuwa amesimama hapo hapo. Akacheka, akampiga wifi yake begani. "Wifi, mwache. Sisi Buyenzi tulikula na kuku." Halafu akamshika binti yake mabegani, akamsogeza upande wa sinia wenye nyama nyingi, na akawaambia wengine wajibane wampe nafasi. Nalikumbuka neno lake la kuku. Yeye halikumbuki.

Ilikuwa siku nzuri, sitadanganya. Mpwa wangu alimpa mtoto jina la Bwana Sufuria, na watu walicheka mpaka bia ikamwagika.

Siku chache baadaye watoto wangu wakapata homa. Vidonda mdomoni, vipele vya maji viganjani na nyayoni. Mke wangu alipika uji akaupoza. Kabla juma halijaisha walikuwa wanakimbizana ngazini. Watoto wengine waliokula wakapita njia hiyo hiyo, na kuna wengine hawakukohoa hata mara moja. Nikasahau.

Kisha dada akanipigia simu, nikiwa dukani.

"Kaka, mtoto anatembea kama mlevi."

"Homa?"

"Homa imeshuka. Vidonda vinakauka. Lakini akilala anaruka, kama mtu aliyeshtuliwa na mlango. Analala, anaruka. Analala, anaruka."

Nikaenda Niboye na maziwa. Nilimkuta mtoto godoroni, macho makubwa, mguu wa kushoto umelala upande wake kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akaniambia, "Marume, mguu umelala," na sauti ilitokea puani, kama anazungumzia ndani ya chupa. Nikapasha maziwa, nikamnyanyua kichwa, nikamnywesha. Maziwa yakaenda kidogo, kisha yakarudi na kutokea puani.

Mama mmoja mpangaji, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, akasema polepole, "Tumbo limekataa. Tumbo linamjua aliyelilisha."

Dada yangu akachukua kitambaa, akamfuta mtoto, akaniuliza bila kuniangalia:

"Wako wamepona?"

"Wamepona. Wanacheza."

"Wote?"

"Wote."

"Sinia moja," akasema. "Wako wanacheza."

"Dada, unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nenda, duka lako linakungoja."

Nilimwambia kesho asubuhi nakuja na gari, tunampeleka hospitali, apende asipende. Nimezoea nikisema jambo linakuwa. Asubuhi nikakuta chumba kina kufuli, na yule mama wa ufagio anafagia palipokwisha fagiliwa. Akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya bonde. Kule kuna mtu anayetapisha watu sumu. Wanakwenda hata wenye shahada, magari yao wanayaacha mbali.

Nilidhani nitamkuta mzee mwenye ngozi na vibuyu. Nilimkuta bwana mwenye shati lililopigwa pasi, simu zake zinachaji ukutani, na benchi limejaa wanawake. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, binti yake amemlalia mapajani, shingo imelegea, mate yanamtoka, na pumzi yake ina mlio wa maji, kama birika linalokaribia kuchemka. Kando yao palikuwa na kikombe cha plastiki kimejaa kitu cha kijani.

"Karibu, bosi," yule bwana akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

"Mlikuwa mnaningoja mimi?"

"Mwenye sumu anakuja mwenyewe. Hiyo iko kawaida."

Wanawake wa kwenye benchi wakakusanya kanga zao, kila mmoja upande wake, zisije zikanigusa.

Nikamwambia dada, nyanyuka, twende hospitali. Akaniangalia sasa, usoni kabisa. "Unapataka hospitali kwa nini? Kule sumu hawaioni. Ndiyo maana unapataka." Nikasema mtoto atakufa. Bwana wa simu akatikisa kichwa kwa watu wa benchi, kama nimekiri kwa saini yangu. Nikasema nitalipia kila kitu. Ikawa mbaya zaidi. Mimi nimewahi kumuuzia sufuria iliyobonyea mtu aliyekuja kutafuta mpya, akaondoka ananishukuru, lakini pale sikuweza kumuuzia dada yangu neno moja. Kila nililolitoa mdomoni liligeuka likanielekea.

Akachukua kikombe ampe mtoto.

Nikasema, "Ngoja. Kwetu anayetoa kinywaji anaonja kwanza. Bwana, onja."

Akacheka. "Dawa haionjwi, bosi. Dawa iko ya mwenye ugonjwa."

"Basi nitaionja mimi. Si mimi ninayeshtakiwa?"

Nikakinyakua mkononi mwa dada na kukinywa chote. Nimekunywa mambo mengi katika maisha ya kubeba mizigo, hata maji ya mtaro, lakini kile kitu kilinishika koo kama mkono. Sikufika mlangoni. Nilitapika juu ya viatu vyangu, juu ya suruali yangu ya suti, nimepiga magoti kama mbuzi, na nyuma yangu nikasikia, "Mnaona? Iko inatoka kwake," na benchi zima likanung'unika amina. Bwana akaingia ndani kuchemsha kikombe kingine.

Hapo ndipo nilipopata neno. Lilinitoka machozi yakinitoka, puani kumejaa majani.

"Dada. Mimi na shingo hii nimepaliwa. Huyu jana maziwa yalimshinda. Hiki ukimpa kitapita wapi?"

Akamtazama mtoto, ule mlio wa maji kwenye pumzi. Maziwa alikuwa ameyaona kwa macho yake. Sijui alifikiri nini. Hakusema kwamba ananiamini, wala wakati huo wala baadaye. Akasimama na mtoto mabegani.

"Fungua gari," akasema.

Nikanyoosha mikono nimsaidie kumbeba. Akapita pembeni.

Hospitali ya wilaya hawakutuweka sana. Walimwangalia koo na pumzi, wakatuingiza kwenye gari lao la wagonjwa, king'ora mpaka hospitali kubwa. Kule wakampa hewa ya mashine na mrija mwembamba wa chakula uliopitia puani. Daktari alikuwa msichana mdogo, ningekuwa nimeoa mapema ningemzaa. Nilikaa kando ya kitanda nione kama anajua kazi. Akagonga goti la kulia kwa kinyundo, mguu ukaruka. Akagonga la kushoto, kimya. Akagonga tena, kimya. Kisha akaufinya mguu huo wa kushoto, kidogo tu, na mpwa wangu akalia kwa maumivu, lakini mguu haukusogea hata ukucha. Jambo hilo lilinichanganya. Anasikia, lakini hawezi kuukwepesha.

Nikamfuata yule daktari kwenye ukumbi. Dada alibaki ndani.

"Ni sumu?" nikamuuliza.

Hakucheka, na kwa hilo nampa heshima. "Hapana, mzee. Ni kirusi."

Akanieleza, na mimi nilielewa kuliko alivyotarajia, maana alipoanza kutafuta maneno ya kitoto nikamwambia, daktari, mimi nimetandaza waya za nyumba nzima, nieleze kikubwa. Akasema kirusi hiki makao yake ni utumbo. Kinaingia kwa mdomo, kinazaana kooni na tumboni, na kwa watoto wengi kinaishia hapo: homa, vidonda, vipele, basi. Wengine hawajui hata kama kimepita. Lakini kwa mmoja mmoja kinatoka tumboni na kupanda. Kinaweza kupita kwenye damu, kinaweza kushika mishipa ya fahamu yenyewe, ile inayoshuka kwenye misuli, kikaifuata kinyumenyume mpaka kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo. Nikamwambia, kama panya anayeingia kwenye bomba la waya huku chini, akatokea kwenye swichi kubwa. Akasema ndiyo, mzee, kama panya. Na pale kwenye uti wa mgongo kuna chembe ambazo kazi yake ni kutoa amri: mguu, sogea. Hizo ndizo anazozipenda panya huyu. Chembe za kupokea habari, za kusikia maumivu, ziko upande mwingine, mara nyingi anaziacha. Ndiyo maana mtoto akifinywa analia na mguu umekaa. Taa ni nzima, waya wa kuleta habari ni mzima, waya wa amri umetafunwa. Na koo ni vilevile. Amri za kumeza zinatoka kwenye shina la ubongo, na panya alikuwa amefika huko. Kule kushtuka usingizini ndiko kulikuwa hodi yake.

"Tungemnywesha dawa ya kutapika?" nikauliza.

"Ingeingia kwenye mapafu. Msingefika hapa."

Suruali yangu ilikuwa bado inanuka yale majani.

"Zilizotafunwa zitaota tena?"

"Zilizokufa hazirudi. Zilizoumia tu zinaweza kuamka. Na jirani zake zinaweza kujifunza sehemu ya kazi. Itachukua mazoezi, mzee, na uvumilivu."

"Dawa yake?"

"Ya kukiua kirusi chenyewe hatuna. Tunamsaidia kupumua na kula mpaka mwili umalize vita."

"Na kinatoka wapi?"

"Kwenye choo cha mtoto mwingine, au mate. Mikono, maji ya kunawia, chombo cha pamoja. Kinatoka chooni kwa mtoto majuma mengi hata baada ya kupona."

"Kwa nini yeye, na wangu hapana?"

"Hilo sijui. Na sidhani kuna atakayekwambia kwa hakika."

Wakachukua na choo chake kwenye kikopo, siku moja, kisha tena siku nyingine, kiende maabara kikiwa kwenye barafu, ili wahakikishe si polio, kwa sababu vyote hivyo ni ukoo mmoja. Matone ya polio alikuwa amepewa yote, na kweli haikuwa polio. Kilikuwa kirusi binamu wa polio. Jina la ukoo ni enterovirusi. Nimelifanyia mazoezi dukani mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ni sufuria mpya.

Koo likarudi. Siku walipomtoa mrija alidai Fanta, na nesi akaenda nje kufuta macho. Mikono ikaacha kutetemeka. Mguu wa kushoto haukurudi.

Sasa nifike ninapopaogopa. Nilikuwa na elimu ile yote mpya kichwani, na sijawahi kupewa bidhaa nzuri nikakaa nayo. Nikamkuta dada kwenye benchi nje ya wodi, anakula muhogo aliojinunulia, na hotipoti ya mke wangu iko kando yake, haijafunguliwa. Nikakaa. Nikamwambia, sasa nimejua, na utaona mwenyewe kwamba hakuna aliyemroga mtu. Nikamweleza utumbo, panya, bomba, swichi. Nilieleza vizuri. Nakwambia hata yule daktari asingeeleza vile. Dada alisikiliza muda wote, akitafuna polepole, na nikaona uso unalegea, nikasema moyoni, nimempata.

"Rudia hapo kinapoingia," akasema.

"Kinaingia kwa mdomo. Mtoto mmoja anacho tumboni, kinakaa mikononi mwake, anatia mkono kwenye chakula, mwenzake anakula. Yule wa jirani mwenye vidonda, unamkumbuka? Huenda ndiye."

"Anatia mkono kwenye sinia."

"Kwa mfano."

"Sinia lako."

"Dada, sikiliza..."

"Nasikiliza. Kilikuwa kitu kidogo, hakionekani kwa macho, hakina harufu. Kilikuwa kwenye chakula chako, nyumbani kwako, siku ya furaha yako. Mwanangu akala. Kikaingia tumboni, kikapanda, kikala mguu. Wako wakala, wakapona." Akafunga muhogo uliobaki kwenye karatasi yake. "Sasa niambie wewe kaka uliyeelezwa na daktari. Sumu ni nini?"

Mimi nina majibu. Waulize wauzaji wote wa Kimironko kama wamewahi kuniacha nimefunga mdomo. Nilikuwa na la kusema kuhusu kuku wa Buyenzi, na kuhusu nani aliyemsukumia mtoto upande wa nyama, na lilikuwa limefika kwenye meno. Nikauona mkono wake unavyoikunja ile karatasi ya muhogo, unaikunja na kuikunja, nikalimeza. Limekaa tumboni mpaka leo na halipandi wala halishuki.

Yule mama wa jirani aliyemleta mwanawe na vidonda, hakuna anayemuuliza kitu. Tunakutana langoni, ananisalimu, mwanawe anapiga mpira. Sokoni kuna wanawake wanaopita dukani kwangu wamewashika watoto mkono wa upande wa pili. Yule bwana wa simu, nasikia, anasimulia kwamba alinitapisha sumu mbele ya mashahidi na ndipo mtoto akapona, na benchi lake limeongezeka. Kaingia mjini na hadithi yangu. Mimi niliyeyanywa majani yake ndiye tangazo lake.

Lile sinia sikulirudisha dukani. Nilitaka kulitupa, mke wangu akalichukua na kuanikia maharage. Kalisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka maua yakachubuka. Hajawahi kunikumbusha alichoniambia siku ile. Angenikumbusha ningepata wa kugombana naye.

Shemeji yangu dereva aliporudi kutoka safari alinipa mkono vizuri na kunishukuru kwa gari. Chuma cha kufungia mguu nilikilipia mimi. Dada alikipokea kwa sababu kilitoka mikononi mwa watu wa mazoezi, si mikononi mwangu. Naambiwa kila asubuhi anamlaza mtoto godoroni, anaukunja mguu na kuunyoosha, anaukunja na kuunyoosha, kabla ya kwenda kwenye dagaa zake. Paja limekuwa jembamba, lakini limeanza kujibu kidogo. Jirani wa zile chembe wanajifunza kazi, kama alivyosema daktari. Dada yangu hachoki. Hilo la kutochoka ametoa wapi kama si kwetu?

Kwangu hafiki. Kwake sikatazwi. Jumapili iliyopita baada ya misa nilikwenda Niboye, na maandazi ya moto kwenye karatasi, yanayonukia iliki kama ya mama. Dada akaniwekea kiti nje, mlangoni. Yeye akaendelea kuchambua dagaa kwenye ungo.

"Marume," mtoto akaita kutoka ndani. "Usije. Nakuja mimi."

Akatoka ameshika ukuta. Akauachia ukuta. Chuma kilikuwa kinagonga sakafu, mguu unazunguka kwa nje kama mlango uliolegea bawaba, bega linashuka na kupanda, na kidevu kiko juu, anataka nione. Nikaona. Nikamwambia anatembea kuliko wabunge. Akacheka. Nikatoa andazi, kubwa kuliko yote, nikampa.

Akalishika kwa mikono miwili. Akalinusa. Akamtazama mama yake. Mama yake aliinamisha kichwa kwenye ungo, vidole vinatafuta kokoto ambazo sidhani kama zilikuwamo. Basi mtoto akaninyooshea lile andazi, akaniwekea mdomoni.

"Onja kwanza, marume," akasema, kwa adabu kabisa.

Nikang'ata. Akanitazama ninavyotafuna, na akasubiri nimeze. Kisha akaligeuza andazi, akang'atia upande wa pili.